Jina la Marehemu Kwenye Ubao wa Taa

Jina la Népomuscène Barandagiye liliwaka kwenye ubao wa taa wa zahanati moja ya mtaa wa Kamenge, Bujumbura, asubuhi ya Jumatano, kwa herufi nyekundu ambazo hata aliyekaa benchi la nyuma kabisa aliweza kuzisoma. Népomuscène alikuwa amekufa tangu kabla ya Pasaka. Mke wake, Daphrose, aliyemzika, alikuwa kwenye benchi hilo la nyuma, homa imempanda, anasubiri zamu yake.

Alilisoma, akalisoma tena. Jina la kanisani na la Kirundi, yote mawili, na ile s ya katikati ambayo makarani wengi huisahau na ambayo marehemu hakukubali hata siku moja iachwe. Hakupiga kelele. Aliinuka, akakaza kitenge chake kiunoni, akatembea hadi mlango wa daktari kama mtu aliyeitwa. Baadaye alisema hakuwa akifikiri chochote, miguu ilikwenda yenyewe.

Mlangoni alikuta mama kijana aitwaye Lisette, amepakata mtoto mchanga. Lisette hakuwa ameangalia jina. Aliangalia namba tu, na namba iliyowaka mbele ya jina lile ilikuwa yake. Muuguzi Eddy akafungua mlango, akawakuta wanawake wawili wamesimama bega kwa bega, akauliza ni nani aliyeitwa. Lisette akaonyesha kikaratasi chake. Daphrose akaonyesha ubao.

"Huyu ni bwana yangu," akasema. "Iko ndani?"

Eddy alimjua Daphrose. Ndiye aliyempokea mume wake siku ile ya mwisho. Alitazama ubao, akalisoma jina. Sauti ya mzee mmoja wa mtaa wa Carama ikasikika kutoka katikati ya mabenchi, akimwambia jirani yake kwamba mtu huyo wamemzika, yeye mwenyewe alishika jembe. Watu wakaanza kusimama. Wengine walitoka bila kuchukua hata vikaratasi vyao.

Lisette alimtazama mtoto wake, akatazama ubao. Mtoto huyo alikuwa hajapewa jina bado. Macho yake yalikuwa ya manjano tangu juzi, na tangu jana hakuwa akinyonya vizuri, ndiyo sababu ya kuletwa. Sasa mbele ya macho ya watu wote alikuwa ameitwa kwa jina la maiti. Lisette akamfunika mtoto uso kwa kitambaa, akageuka, akatoka nje karibu mbio. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu kila mtu alikuwa ameduwaa.

Ubao ule ulikuwa umetengenezwa na msichana wa mtaa wa Mutanga Nord, Jokha binti Sleiman. Babu zake walitoka Oman wakauza vitambaa Bujumbura, na baba yake anauza vitambaa mpaka leo. Jokha alisoma elektroniki chuoni, na alipomaliza bila kupata kazi, baba yake alimpa chumba cha nyuma ya duka, katikati ya marobota ya vitenge. Pale alianza kwa kutengeneza redio na vibadilishi vya umeme wa jua. Taratibu akaanza kuunda vyombo vyake mwenyewe: kengele ya kisima, kipimo cha joto cha friji ya mchinjaji, na baadaye ubao wa kuita wagonjwa. Programu zake aliziandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ambayo wenzake wa chuo waliiona ni ya kizamani. Jokha aliipenda kwa sababu haifanyi kitu usichokiagiza. Aliwahi kumwambia baba yake kwamba C ni kama mizani ya dukani, haina huruma na haina uongo.

Kwa hiyo mkuu wa zahanati, Ingrid, alipompigia simu mchana ule, Jokha hakuogopa. Ingrid hakuwa akiilaumu mashine. Yeye alikuwa tayari na hukumu yake: aliyekuwa akiandika majina asubuhi ile ni Eddy, na Eddy ameandika jina la marehemu kwa mzaha wa kikatili au kwa uzembe. Amesharudishwa nyumbani. Alichotaka kwa Jokha ni kuja kuthibitisha tu kwamba chombo hakiwezi kujitungia jina.

Jokha alikuja na kompyuta yake, akaandika majina kadhaa ya kujaribu, ubao ukayaita yote sawasawa. Akamwambia Ingrid kwa uhakika wote kwamba mashine haina jina isilopewa na mtu. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na ndiyo yaliyomtia aibu baadaye.

Alipokuwa akitoka alimkuta Eddy getini, bado hajaondoka. Alikuwa amevua koti lake jeupe na kulikunja kwapani. Eddy hakumkasirikia. Alimsimamisha kwa upole.

"Dada Jokha, mi sikuandika jina lolote," alisema. "Ule mutoto hakuwa na jina. Watu walikuwa wengi sana, nikaweka namba, nafasi ya jina nikaiacha tupu."

Jokha alisimama pale pale getini, jua likimpiga kichwani. Siku zote wauguzi waliandika "mtoto wa fulani", kwa hiyo nafasi tupu ilikuwa jambo la nadra sana. Lakini alikumbuka mstari wa programu yake, aliouandika mwenyewe na kuuona ni wa busara: kama jina halipo, usiandike kitu. Alikumbuka pia kwamba muuguzi mmoja aliwahi kumlalamikia kuwa ubao umerudia kuita mgonjwa aliyekwisha kuingia, naye akamjibu kuwa labda amebonyeza mara mbili.  Akamwomba Eddy arudi naye ndani.

Ili mtu aelewe alichokiona Jokha, inafaa ajue jinsi chombo kile kinavyofanya kazi. Ndani yake mna kijichipu chenye kumbukumbu ndogo sana, ndogo kuliko ya simu ya tochi. Programu ikiwa inaomba kipande cha kumbukumbu kila mgonjwa anapofika, leo kikubwa, kesho kidogo, mwishowe kumbukumbu inakatikakatika ovyo na chombo kinakwama. Kwa hiyo Jokha alifanya kama wanavyofanya mafundi waangalifu: tangu mwanzo alitenga bafa moja, yaani ghala la kumbukumbu, ya ukubwa usiobadilika, akaikata vipande vinavyolingana, kila kipande kikitosha namba na jina la mgonjwa mmoja. Mgonjwa akiandikishwa, programu inatwaa kipande kimoja kilicho wazi. Akishaitwa, kipande kinarudishwa kwenye akiba. Kinachorudishwa mwisho kinakaa juu na ndicho kitakachotwaliwa kwanza, kama sahani zilizopangwa jikoni.

Ila kukirudisha si kukiosha. Katika C, kipande kilichorudishwa hubaki na kila kilichokuwemo mpaka mtu aandike juu yake. Mwanzoni mwa kipande tu, pale palipokuwa na namba, programu huandika anwani ya kipande kinachofuata. Jina lililo nyuma yake haliguswi. Na kwa kuwa umeme wa mjini unakatika kila mara, Jokha alikipa chombo chake betri nzuri ili kisizimike kamwe. Watu walikuwa wamemsifu kwa betri hiyo. Tangu siku kilipofungwa ukutani, hakijapata kuzimika.

Jokha aliunganisha kompyuta, akakiamuru chombo kimwage kumbukumbu yote kwenye kioo. Ingrid alisimama nyuma yake, Eddy pembeni.

Majina yakaanza kushuka. Si jina moja wala mawili, ukumbi mzima wa watu. Mama waliojifungua, wazee, watoto wa shule, watu waliokuja kupimwa magonjwa ambayo hawakuyataja hata kwa ndugu zao, wote walikuwa bado mle, katika vipande vilivyohesabiwa kuwa ni vitupu. Ingrid aliona jina la shemeji yake, ambaye hakuwahi kumwambia mtu kuwa alifika pale. Akaweka mkono mdomoni. Na chini kabisa, kwenye kipande cha mwisho cha akiba, wakaliona: Népomuscène Barandagiye, na ile s yake.

"Yarabi," alisema Jokha, kwa sauti ndogo.

Eddy ndiye aliyekumbuka siku yenyewe. Ulikuwa msimu wa homa, ukumbi umejaa kuliko siku yoyote, geti limefungwa kwa sababu hapakuwa na pa kukaa. Népomuscène aliletwa amebebwa na wenzake wa kazi ya ujenzi. Kwa kuwa hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya wote, akaitwa kabla ya wote. Basi kipande chake kilirudishwa kwanza, na vya wengine wote vikapangwa juu yake kadiri walivyoitwa. Kikazama chini kabisa. Hakuna siku nyingine iliyojaza ukumbi kiasi cha kukifikia, mpaka Jumatano hii homa iliporudi. Aliyefikia kipande hicho alikuwa mtoto asiye na jina, naye kwa uchanga wake akaitwa kabla ya wengine. Namba yake mpya ikaandikwa mbele, nafasi ya jina ikaachwa kama ilivyo, na iliyokuwa hapo haikuwa tupu.

Jokha aliiondoa mikono kwenye kibodi. Alikuwa ameandika programu mamia ya mara, na kila mara neno "wazi" lilimaanisha kwake kitu kisicho na mtu. Akamgeukia Ingrid, akamwambia kwamba Eddy hana kosa, kosa ni lake.

Ingrid alimshika Eddy mkono, akamwomba msamaha pale pale, akamwambia avae koti lake. Lakini kwa Jokha alisema jambo jingine. Alitaka dosari irekebishwe kimya kimya, mtu yeyote asijue, maana watu wakisikia kuwa majina yao yamelala ukutani hawatakuja tena kutibiwa. Jokha akauliza habari za yule mtoto wa manjano. Ingrid akatazama chini. Hakuna aliyemfuata, alisema. Walikuwa wamesahau kabisa.

Jokha alitoka nje akampigia baba yake. Mzee Sleiman alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwambia kwamba mashine haitakimbia, mtoto ndiye anayeweza kuondoka. "Nenda kwanza kwa mwenye msiba," alisema. "Yule mama mwenye mtoto hatakusikiliza wewe. Atamsikiliza yeye."

Kwa hiyo alichukua pikipiki hadi Carama, alikoishi Daphrose. Alimkuta Daphrose kwenye kishamba chake cha lengalenga, yaani mchicha, nyuma ya nyumba, hafanyi kazi, amekaa tu kwenye tuta na viatu vyake bado mguuni. Alikuwa ameondoka zahanati bila dawa. Majirani walikuwa wamekuja na kwenda, kila mmoja na maelezo yake. Mmoja alisema marehemu ana deni la maneno. Mwingine alimshauri atafute mchungaji.

Jokha alichuchumaa mbele yake, akajitambulisha kuwa ndiye aliyeunda ule ubao. Akaeleza yote kwa maneno mepesi: kipande cha kumbukumbu, siku ile ya msongamano, jina lisilofutwa, mtoto asiyeandikwa jina. Daphrose alimtazama kwa macho mekundu kwa homa. Alipouliza, hakuuliza kama Jokha alivyotarajia.

"Siku alipokufa, mbona hamukumufuta?"

Jokha alisema hakujua kwamba yumo.

"Mi nilikwenda kwa ule mulango nikijua nitamuona," Daphrose akasema. "Nilijua ni ujinga, na nilikwenda."

Akalia hapo, na Jokha akalia pia. Hakuomba asamehewe. Alipoona Daphrose ametulia kidogo, akamwambia kuhusu Lisette na mtoto wake, na kwamba mtoto akikaa nyumbani na ule umanjano huenda asifike Jumapili. Daphrose akainua kichwa. Mpaka wakati ule alikuwa hajamfikiria kabisa mama aliyesimama naye mlangoni. Alishtuka waziwazi, akasimama, akashika ukuta kwa kizunguzungu, akasema twende.

Eddy, ambaye Jokha alimpigia simu, alijua anakoishi Lisette, akawangoja barabarani Kamenge na kuwapeleka. Nyumba ilikuwa imefungwa madirisha mchana kweupe. Mama mkwe wa Lisette alifungua mlango kidogo, na alipoambiwa aliye nje ni mjane wa Népomuscène, alirudi nyuma kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Ndani Lisette alikuwa amekaa sakafuni na mtoto kifuani. Mtoto alikuwa amelala usingizi mzito usio wa kawaida. Hata alipoguswa shavu hakugeuza kichwa.

Jokha alianza kueleza habari za vipande na bafa. Lisette hakumtazama. Mama mkwe akasema mashine za watu hazijui makaburi, na aliyeitwa ameitwa. Hapo Daphrose akapita mbele, akapiga magoti mbele ya Lisette ingawa alikuwa amemzidi umri kwa mbali.

"Mama, nisikilize mi," alisema. "Bwana yangu nilimuogesha mwenyewe, nikamuzika mwenyewe. Hakumuita mutoto wako. Hakuwa mutu wa kuchukua watoto wa watu. Ile jina walilisahau ndani ya chuma, ni basi. Kama unaogopa, nipe mi mutoto nimubebe, tuende wote."

Akanyoosha mikono.  Mama mkwe alisema hapana, mara mbili. Lisette alimtazama Daphrose usoni, akitafuta kitu, na sijui alikiona au alichoka tu kuogopa. Akampa mtoto.

Walirudi zahanati kwa miguu, maana ilikuwa karibu, Daphrose mbele na mtoto, homa yake mwenyewe ikimfanya apepesuke hata Eddy ikabidi amshike kiwiko. Watu wa mtaa walitoka milangoni kutazama mjane wa mtu yule akimbeba mtoto yule. Daktari alipomfunua mtoto alikunja uso, akauliza kwa nini wamechelewa hivi. Mtoto akawekwa chini ya taa ya bluu ya kutibu umanjano jioni ile ile. Lisette alikaa ubavuni mwa kitanda na Daphrose akapewa kitanda cha jirani kwa ajili ya malaria yake, ambayo ilikuwa imemla zaidi ya alivyokubali.

Jokha aliketi ukumbini, ambao sasa ulikuwa mtupu, kurekebisha kazi yake. Rekebisho lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kuumiza. Mstari mmoja wa kujaza sifuri kila kipande kinaporudishwa, mwingine wa kukijaza sifuri tena kinapotwaliwa, na kwenye nafasi ya jina lisiloandikwa ubao uonyeshe namba peke yake. Mistari mitatu, na kwa kukosekana kwake mtoto nusura afe nyumbani madirisha yakiwa yamefungwa. 

Kabla ya kufuta majina alikwenda kitandani kwa Daphrose, akamuuliza kama anataka kuliona jina mara ya mwisho. Alidhani atakubali. Daphrose alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. Alisema ameshaliona vya kutosha, ila afute na ya wengine wote, wala asiyasome. Jokha akafuta bila kusoma. Ingrid hakurudia tena neno la kuficha. Kesho yake yeye mwenyewe alisimama mbele ya mabenchi akawaeleza wagonjwa kilichotokea, na wachache waliinuka wakaondoka, wengi wakabaki.

Mtoto alianza kunyonya siku ya pili chini ya taa. Alipotoka, familia ilimfanyia sherehe ya kupewa jina, wakamwita Orlane. Daphrose alialikwa, akaja na lengalenga na mafuta ya mawese, akakaa upande wa wanawake wa nyumbani. Jokha pia alialikwa. Lisette alimkaribisha vizuri, akampa sahani ya maharage na ndizi. Lakini Jokha alipotaka kumpakata mtoto, bibi wa mtoto, yule mama mkwe, alimsogeza kando kwa adabu, akasema amelala. Mtoto hakuwa amelala. Bibi yule hakuwahi kuamini habari za vipande vya kumbukumbu, na mpaka leo haamini. Anasema jina haliji bila kuitwa, na kwamba marehemu alikuja kumwokoa mtoto, maana bila yeye daktari angemtazama haraka haraka kama wengine na kumrudisha nyumbani. Jokha alimsikiliza, akafungua mdomo ili amweleze, kisha akamwachia, akala maharage yake.